Adui Asiye na Mdomo

Kahonzi Masha hakuwa mtu wa kuacha jambo lipite hivi hivi. Akinunua samaki, alitaka kujua kavuliwa wapi. Akisikia msiba, hakutulia mpaka ajue marehemu alikuwa akiumwa nini. Majirani zake wa Malindi walimwita mdadisi, wengine kwa mapenzi, wengine kwa kumchoka. Sasa mtu kama huyo, mwaka wa themanini na nne, Mzee Thuku, mfanyabiashara aliyeshuka kutoka bara, akamwajiri aangalie mashine yake ya mchezo wa video katika chumba kimoja karibu na soko. Ilikuwa ni kumfungulia mbuzi shamba la mahindi.

Mchezo wenyewe ulikuwa hivi. Vyombo vidogo vya angani hushuka safu kwa safu, na mchezaji, akiwa chini na chombo chake, huvipiga. Safu ya tisa ikiisha hutokea uso mkubwa wa zambarau, usio na mdomo, ukishuka polepole kuelekea ukanda wa buluu ulio chini kabisa ya kioo. Huyo ndiye adui mkuu. Hana jina wala hasemi neno.

Watu walibishana juu yake mpaka mate yakawakauka. Phineas, fundi cherehani, aliapa kuwa ni malaika aliyefukuzwa mbinguni. Kiponda muuza kahawa alisema ni jini, na jini hahitaji sababu. Kitsao, mchukuzi wa sokoni na bingwa wa chumba kile, alisema hajali. Kazi yake ni kumpiga. Nusu ya waliojaa mle kila siku hawakucheza kabisa, walifuata ubishi tu.

Kahonzi ndiye aliyekosa raha. Siku fundi wa mashine alipoifungua kuitengeneza, kikaanguka kijitabu cha Kitaliano. Mwenye busara angekirudisha. Kahonzi alikipeleka kwa Dena, mpishi wa hoteli moja ya ufuoni, aliyejua Kitaliano cha kutosha kugombana na wageni.

"Kaka Dena, nisomee. Huyu ni nani?"

Dena akasoma taratibu. "Ni mfalme wa nchi ya mbali. Visima vya kwao vimekauka. Ametoka kutafuta maji."

"Halafu?"

"Halafu basi. Ukurasa wa mwisho unasema mashine isipigwe na upepo wa chumvi."

Kesho yake aliwatangazia wote, akidhani watafurahi. Kitsao alikuwa katikati ya mchezo, na uso ulipotokea akaondoa kidole kwenye kitufe. Tukumbuke ulikuwa mwaka gani. Mvua zilikuwa zimekataa, mahindi ya Adu, kijijini kwao Kitsao, yalikauka yakiwa hayajafika magotini, na Kitsao mwenyewe alikuwa mjini akibeba magunia ya watu kwa sababu hiyo hiyo.

"Dada Kahonzi," alisema, "mgeni akifika kwetu hupewa maji kwanza, ndipo aulizwe kilichomleta. Mimi huyu nimempiga mwezi mzima, na hata kata moja sijampa." Akatoka.

Wengine nao wakapungua, maana jibu likishapatikana mtu atabishana na nani? Phineas alimwambia Kahonzi waziwazi kwamba amewaharibia. Baada ya wiki mbili Mzee Thuku akaja na neno lake: Ijumaa mashine inapelekwa Mombasa, na kazi imekwisha. Kahonzi aliumia sana. Kazi ile ndiyo iliyowalisha mamake na wanawe wawili.

Dena akampa shauri. "Sema nilisoma vibaya. Sema huyo mfalme ni mwongo, maji hayataki, anataka kutumaliza. Nani atajua?"

Alhamisi nzima Kahonzi alilizungusha shauri hilo kichwani. Jioni Kitsao akaingia, gunia la kujikingia bado begani, wengine wawili watatu nyuma yake.

"Nimekuja kuuliza. Kijitabu kinasema aliyapata?"

Uongo ulikuwa tayari ulimini. Lakini swali lenyewe lilikuwa zuri mno, na yeye mwenyewe hakuwa amelifikiria. "Hakisemi," akajibu.

"Na ule ukanda wa buluu chini, ni maji?"

"Hakisemi vilevile."

Wakatazamana. Hakuna aliyewahi kuuona uso ule ukifika chini. Ama huuawa njiani, ama humuua mchezaji kwanza. Kitsao akatia shilingi. Akawamaliza askari wa vile vyombo vidogo, safu zote tisa, maana hao, sijui kwa nini, hawakuhurumiwa na mtu. Uso ulipotokea hakupiga tena, akawa anakwepa tu risasi zake. Ulifika nusu ya kioo, chombo chake kikalipuka.

"Tena," akasema Kiponda, ambaye hata hakuonekana akiingia.

Ijumaa Mzee Thuku alikuja na lori na wachukuzi wawili, akashindwa kupita mlangoni kwa jinsi watu walivyosongamana. Wote macho kiooni.

"Shikamoo, mzee," alisema Kahonzi.

"Marahaba. Mbona huyu hapigi?"

Kahonzi akamweleza: kisima, safari, ukanda wa buluu.

"Na akifika pale chini, itakuwaje?"

"Hatujui, mzee. Hakuna aliyemfikisha bado."

Nje lori lilikuwa likinguruma. Mzee Thuku aliutazama uso ule ukishuka, ukashuka, kisha kioo kikawa cheusi na watu wakaguna. Akaingiza mkono mfukoni kutafuta shilingi.

"Nipisheni," alisema. "Na mwambieni dereva azime gari."