Funza wa Mutoto wa Inspecteur

Wiki jana, rafiki, nimetosha funza mu kidole ya mutoto wangu wa mwisho. Mimi mwenyewe, na pini, hapa mu salon yangu yenye karo ya kungaa chini, karibu na televizyo kubwa inapita zote za Vulamba, mutaa yetu. Bibi yangu alisimama ku mulango, mikono ku kiuno: «Patron muzima, malori ya ciment inatoka Kasindi ku mupaka na jina yako mbele, na mutoto iko na funza ya masomo ya serikali! Siku ya lundi anaenda ku privé, masomo ya kulipa.» Nilipakaa petrole pale mu kidonda, na ile harufu ikanirudisha mbali.

Ni masomo ile ile, shule ile ile, nilisoma mimi. Nilifika cinquième, mwaka wa tano, basi. Hapana diplome ku ukuta wangu, iko picha yangu na lori. Asubuhi ya Butembo unaijua: ukungu, baridi ya kukata masikio, moshi ya kaliptusi, na ile jante ya gari, kengele yetu, yenye mulinzi alikuwaka anapiga na chuma ili tukimbie. Mu mufuko, kiazi ya moto ya koko, mama ya baba yangu. Kwanza inakupasha mikono, kisha unaikula. Kalasi yetu ilikuwa ya udongo. Kila siku ya vendredi tulikuwa tunabeba mavi ya ngombe mu makopo, tunachanganya na maji, tunapakaa chini na mikono, ili vumbi ilale na funza bakose fasi. Batoto bote. Na mutoto wa inspecteur pia.

Baba yake alikuwa mukubwa wa masomo yote ya huku, mutu wa provinsi ingine, Kiswahili yake ya kuvunjika. Usiniambie eti zamani privé haikukuwa. Ilikuwako moja, na maua ku mulango. Alikatala. Aliweka mutoto wake ku banc yetu, kati yangu na ukuta. Suruali ya pasi! Vendredi ya kwanza tulimucheka: «Shika mavi, mutoto wa bureau!» Alishika. Kisha akanipakaa ku shavu, na tangu pale tukakuwa marafiki.

Halafu jua kali ikaja. Ngombe zikapanda milima kutafuta majani, mavi ikakosa, vumbi ikaamuka. Funza bakaingia. Kila mangaribi koko alishika muguu wangu kati ya magoti yake: «Nyamaza! Ile kitu ni kidogo kuliko makelele yako.» Bazazi balilalamika ku directeur, balichoka kulalamika. Mais siku moja rafiki yangu, mutoto wa inspecteur, alishindwa kuvaa kiatu. Mama yake alikuja na ile kiatu mu mukono, mbio mpaka mu bureau ya bwana yake, akapiga makelele kwa Lingala mpaka ndege zikatoka mu miti. Sisi ku dirisha, tunakufa na kicheko. Haikukawia, lori ya ciment ikaingia. Mikono ya mutoto ilinuka mavi kama yetu, muguu wake ulivimba kama yetu, na baba yake aliona. Tuliteleza juu ya ile ciment mupya kama bafalme.

Leo ile ciment imevunjika yote, imerudi vumbi. Ndiyo maana bazazi tuliitwa mu mukutano, wiki hii. Inspecteur wa sasa alikuja na jeep. Batoto yake banasoma privé kule Beni, mu komine ya Beu. Kila mutu anajua.

«Bapapa, bamama,» anasema, «masomo ni ya sisi wote. Na patron wa ciment iko hapa, atatusaidia.»

Makofi. Nikasimama.

«Chef, batoto yako banasoma kalasi gani hapa?»

Kicheko nyuma. «Papa, ile ni mambo ya nyumba yangu.»

«Hapana, chef. Mama wa malewa, wa kuuza chakula ku njia, akipika, halafu anatuma batoto yake bakule kwa jirani, wewe utaketi ukule pale?»

«Papa, ciment utatoa ao hapana?»

«Lete mutoto moja. Moja tu, aketi hapa. Siku ile ile lori inaingia.»

Aliangalia saa yake, akaenda. Mama moja akanigeukia: «Patron, donc batoto yetu bakuliwe na funza juu ya kiburi yako?»

Ile ilinichoma, sitaficha. Siku ya samedi nililipa muchungaji, akaleta mavi ya ngombe. Nikatosha veste ya suti, nikapiga magoti mu ile kalasi na bazazi, nikapakaa na hii mikono ya pete. Mutoto wangu alishangaa papa anajua. Najua sana! Ile mama naye alicheka: «Patron, hata mu kona umefikisha mavi.»

Bibi hajanisamehe. Mutoto anaenda na viatu, mais anaenda kule kule. Nina uwezo wa kulipa privé yote ya muji huu. Ndiyo maana sitoki mu masomo hii. Mwenye uwezo akitoka, nani atabaki wa kupiga makelele?

Koko hayuko tena, jante ilichukuliwa. Mais kitu ninakosa zaidi ni ule mama na kiatu mu mukono. Mama kama ule, leo, hana sababu ya kuja kwetu, mutoto wake iko privé.

Magunia ya ciment iko mu depot, juu ya mbao, nimeyafunika na bâche, turubai nzito, sababu ukungu ya huku inageuza ciment mawe. Inspecteur anajua mulango. Alete mutoto.