Gia ya Tatu

Asubuhi ile mke wa mzee ndiye aliyetangulia kuamka, na hilo halikuwa geni. Geni ni kwamba alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, viatu kavaa, anakanyaga sakafu kwa mguu wa kushoto, anaachia polepole, anakanyaga tena.

"Unafanya nini?" mzee akauliza, jicho moja bado limefumba.

"Klachi."

"Klachi saa hizi? Hata jogoo hajawasha gari."

"Wewe lala, abiria. Kazi ya abiria ni kulala."

Mzee akacheka kwa pua, akajigeuzia ukutani. Viatu vile alivishona yeye mwenyewe, maana ufundi viatu ndio uliomlea: soli nyembamba, kisigino chini, ili mguu usikie pedali. Baadaye mkewe akampigia pasi shati, akaunguza kola kidogo, akasema si neno, watu wa njiani hawataona shingo ya mtu anayepita kwa kasi. Wakanywa chai. Hakuna aliyekuwa na haraka. Hiyo ndiyo asubuhi ya mwisho waliyoipata ikiwa nzima, na mzee aliimaliza kwa kulalamika kwamba sukari imezidi.

Mkewe alikuwa mwosha magari wa kampuni ya kukodisha magari, pale uwanja wa ndege. Si uwanja mkubwa. Jengo moja, ndege za kuhesabu, kaunta za magari zimebanana ukutani kama wauza nyanya, na nyuma yake ua wenye uzio wa waya. Mteja akirudisha gari, yeye ndiye analipokea. Anafyonza vumbi, anatoa maganda ya karanga chini ya viti, anafuta alama za vidole vya watoto kwenye vioo, kisha analipeleka mwenyewe chini ya kivuli cha mabati likangoje mtu mwingine.

Kuendesha alijifunzia humo humo ndani ya ua. Aliyemfundisha ni dereva mmoja wa zamani aliyechoka kuitwa kila saa kusogeza magari. Lakini kutoka penye kuoshea hadi kwenye kivuli si mbali. Gia ya kwanza, ya pili, umefika. Na getini mfanyakazi hapiti na gari. Bima yake inaishia kwenye uzio. Hata mtihani wa leseni aliufanyia kiwanjani, katikati ya mapipa, nako gia zilikuwa zile zile mbili. Basi miaka nenda, miaka rudi, aliendesha kila aina ya gari na hakuwahi kutia gia ya tatu.

Wenzake wakamwita Mama Gia Mbili. Hakukasirika.

"Mkeo kwa kurudi nyuma hana mpinzani," mlinzi wa geti alimwambia mzee siku moja. "Analipenyeza gari pasipopita paka."

"Hata nyumbani ni hivyo hivyo," mzee akajibu. "Mwambie jambo la leo, atarudi nyuma mpaka mwaka tuliooana."

Ukishatoka getini barabara ilinyooka, lami tupu, mashamba kushoto na kulia, halafu ikapanda milimani alikokuwa akiishi mdogo wa mkewe. Mkewe aliipita kwa basi kama watu wote. Kwa usukani hakuijua. Kwa hiyo mteja akirudisha gari, kabla hajaondoka, mkewe atamwuliza: "Baba, pale nje, ukitia ya tatu, gari linaitikaje?" Wengine walimwona hamnazo. Wengine walimweleza. Mmoja alisema gari huwa kama limesahau uzito wake. Maneno hayo alikuja nayo nyumbani, akayarudia wakati wa chakula, na mzee akamwambia, "Kula, kinapoa."

Alipokaribia kustaafu, meneja alimwuliza anataka zawadi gani. Wenzake waliotangulia waliomba saa ya ukutani, waliomba jiko. Yeye akaomba gari, siku moja tu, kama mteja. Meneja akacheka, alipoona anacheka peke yake, akakubali. Likatengwa dogo la bluu. Safari ni ya mlimani kwa mdogo mtu, usukani ni wake, na mumewe abiria.

Mzee akasema, "Vizuri sana." Hakusema kwamba anaogopa. Si uendeshaji wa mkewe alioogopa, ni zile kona za juu, upande mmoja ukuta, upande mmoja hakuna kitu.

Siku ikafika. Pale uwanjani mkewe akalizunguka lile gari kama anavyowazungusha wateja, anaonyesha kwa kidole. "Mkwaruzo hapa. Hapa. Na hapa. Yote nimeikuta," akamwambia msichana wa kaunta. "Nisije nikasingiziwa." Wakacheka wote. Akapewa funguo, akaingia nazo ndani na mumewe kumuaga meneja.

Hapo ndipo ndege iliyochelewa tangu jana yake ilipotua. Akaja mtu mzima mmoja mbio mbio, suti ya kijivu inaning'inia kwenye hanga mkononi, jasho linamtiririka. Alikuwa ameagiza gari. Gari lake halikuwapo. Aliyelichukua kabla yake limemharibikia njiani, limelala huko. Kaunta za jirani nazo tupu. Teksi za nje zilikuwa zimeondoka na waliowahi.

"Labda kesho, baba," msichana wa kaunta akamwambia.

"Kesho? Binti yangu anaolewa leo! Hana mwingine wa kumshika mkono ila mimi. Kesho nije nimshike nani mkono, mumewe?"

Watu wakacheka, kisha wakaona si la kucheka. Macho yakaanza kutoka nje kupitia kioo, yakaenda kwa gari la bluu. Meneja naye akalitazama, hakusema kitu. Afadhali angesema.

Mkewe alikuwa amezishika funguo kwa mikono miwili. Akamtazama mumewe, haraka. Akamtazama tena, safari hii akakawia.

"Mzee, wewe unasemaje?" meneja akauliza.

"Gari ni lake," mzee akasema. "Aseme mwenyewe."

Akadhani amesema la heshima. Watu wakatikisa vichwa kwamba, naam, hilo ndilo la heshima. Baadaye sana, alipobaki na nyumba isiyo na mtu, ndipo alipojua alikuwa akiombwa nini. Mkewe hakuwa na uso wa kumnyima baba wa bibi harusi mbele za watu. Alitaka mwingine aseme hapana kwa niaba yake. Mume mkorofi, mume mchoyo, mume asiye na utu: watu wangemsema yeye mpaka wachoke, na mkewe angeondoka na gari lake huku amekunja uso wa kusingizia. Lilikuwa neno moja. Tena mzee alikuwa nalo mdomoni. Lakini zile kona zilimkaa kifuani tangu alfajiri, na aliposikia safari inataka kuvunjika, moyo wake ulitulia kama mtu aliyetuliwa mzigo.

Mkewe akampa yule bwana funguo.

"Njoo ulizunguke kwanza," akamwambia. "Usije ukabebeshwa mikwaruzo ya wenzio." Akamwonyesha yote. Akamsogezea kiti, akamtundikia suti nyuma isikunjamane. "Hongera ya harusi, baba. Klachi yake iko juu. Iachie taratibu."

Hakuiachia taratibu. Gari lilizima getini. Likawaka, likaruka kama mbuzi, likatoka. Mkewe alikuwa amesimama kwenye uzio, vidole ndani ya waya. Wakasikia gia ya kwanza. Wakasikia ya pili. Kisha ya tatu ikaingia kwa kusaga meno, sauti ikawa nyembamba, ikaenda zake.

"Jumamosi ijayo, mama," meneja akamwambia. "Hilo hilo, hakuna atakayeligusa."

"Haya," mkewe akasema.

Usiku ule kichwa kilimshika. Kulipopambazuka upande mmoja wa mwili ulikuwa umekataa. Jumamosi hakuifikia.

Msibani walikuja wote wa uwanja wa ndege. Mlinzi wa geti alilia bila kujificha. Yule baba wa bibi harusi naye alikuja, kwa basi, akasimulia alivyowahi watu wakiwa wameanza kuulizana. Meneja akasimama, akasema marehemu aliitoa furaha yake kwa mtu asiyemjua, akaitoa kwa moyo mweupe, bila kinyongo, bila kujuta. Watu wakaitikia kwa sauti moja. Mdogo wa marehemu akamshika mzee mkono.

"Shemeji, dada alikuwa na moyo wa peke yake. Hakujutia kitu."

Mzee akaitikia kwa kichwa. Si mtu wa maneno, na msiba si mahali pa kubishana. Lakini kila sifa ilizidi kumchukua mkewe na kumpeleka mbali, ikamrudisha mwanamke mwingine, asiyeumwa na lolote, ambaye mzee hakuwahi kukaa naye chumba kimoja.

Wa kwake alirudi siku ile ya gari kwa miguu kutoka kituo cha basi, kabeba chakula cha safari ambacho hawakukila. Alitembea mbele. Mzee, kwa kutaka kumliwaza, akasema kama watakavyokuja kusema wengine: "Umefanya jambo jema, mama. Hutajuta."

Mkewe akasimama. Akauhamishia mkoba mkono wa pili, akageuka.

"Najuta sasa hivi. Kwa nini nisijute? Lile lilikuwa gari langu."