Kizazi cha Wifi

Fundi mmoja wa makochi alizaliwa bila kizazi. Viungo vingine vyote vilikuwa timamu, ila pale anapokaa mtoto hapakuwa na kitu. Mumewe alilijua hilo kabla ya ndoa. Aliyeligeuza kuwa kosa ni wifi yake, dada mkubwa wa mume, mama wa watoto wanne, aliyemwita "kochi lisilo na sponji" mbele ya wateja.

Madaktari walipoanza kuhamisha kizazi kutoka kwa mwanamke mmoja hadi kwa mwingine, wifi huyohuyo alijitolea chake. Watu wakamsifu, fundi akashukuru kwa machozi. Hakujua kwamba wapo watoao kwa mkono wa kulia huku wa kushoto umeshikilia.

Tangu upasuaji, wifi alifika karakana kila asubuhi kukagua mali yake. Alimkataza kuinua viti, hata kucheka sana. Mimba iliyotungwa maabara iliposhika, aliwatangazia majirani kwamba mjamzito ni yeye, huyu mwingine anabeba tu. Alizaliwa mtoto wa kike, mzima wa afya. Wifi alimtazama, akauliza wa kiume anakuja lini.

Lakini dawa za kuuzuia mwili usikikatae kizazi kile zilikuwa zimeanza kumharibia figo. Daktari alishauri kitolewe, kwani mtoto keshapatikana. Wifi aliposikia, alikuja akaketi juu ya kochi lililovuliwa kitambaa, springi zikimchoma.

"Hakitoki," alisema. "Nilimpa ndugu yangu, sikukupa wewe."

Fundi aliendelea kung'oa misumari. "Ndugu yako angekiweka wapi, wifi?"

Mteja mmoja alikohoa kuficha kicheko.

"Usiniletee dharau. Nizalie wa kiume mmoja, kisha kitupe ukitaka."

"Na figo utanipa? Maana unazo mbili."

Wifi akasema figo si kitu cha kuchezea.

"Hata zangu," fundi alijibu.

Wiki iliyofuata alilazwa, kizazi kikatolewa. Wifi hakukanyaga hospitali. Alimtuma mdogo wake, mume wa fundi, aseme kwamba udugu umekwisha, naye aliufikisha ujumbe huo akitazama sakafu.

Fundi aliuliza kwanza kama mtoto amekula. Kisha akasema, "Mwambie namshukuru kwa mtoto. Mengine, niko kama nilivyozaliwa."