Fundi cherehani anayejifunza Kilatini ili amwelewe mumewe

Saa kumi na mbili asubuhi, fundi anatia uzi kwenye sindano. Nyuma yake, kwenye kiti chenye mito miwili, mumewe anamtazama paka aliyejilaza juu ya vitambaa vya wateja.

"Cattus," anasema mume.

"Paka, Mwalimu. Sema paka."

Anafungua mdomo, anaufunga. Machozi yanamlengalenga.

Kwa miaka ishirini na sita mzee huyu alifundisha Kilatini na lugha zilizozaliwa nacho. Miezi kumi na minne iliyopita kiharusi kilimwangusha mbele ya darasa, chaki mkononi. Alipozinduka, mkono wa kulia umelala, na Kiswahili alichokinyonya na maziwa ya mama kimeyeyuka. Yalibaki maneno aliyokuwa akiwakaririsha wanafunzi.

"Wifi yangu akasema, 'Kaka kawa mzungu uzeeni!' Tukacheka wote," anasimulia fundi. "Kumbe tulikuwa tunauchekea msiba."

Siku moja mume alishinda akirudia "aqua, aqua". Fundi akamletea mkate, akamfunika blanketi, akamgeuza ubavu. Wapi! Jioni binti yao, kifungua mimba, alikuja akapekua daftari la baba yake. Maji.

"Mtu kashinda na kiu mchana kutwa, na maji yako hatua mbili," anasema fundi, akiuma midomo.

Tangu hapo daftari hilo halibanduki kando ya cherehani. Ukurasa wa paka ameumeza wote: neno cattus la Kilatini ndilo mzazi, na miongoni mwa watoto wake ni gatto la Waitalia, gato la Wahispania na Wareno, na chat la Wafaransa, linalotamkwa "sha".

Mwanzoni mume aliyataja yote, akinyoosha kidole kimoja kimoja kama yuko darasani. Baada ya miezi michache "sha" likapotea. Likafuata gato, kisha gatto.

"Watoto wote wameondoka, kabaki mzazi peke yake. Na huyo naye, kuna siku haji."

Daktari hakumficha. Alimwambia mishipa midogo ya kichwani inaendelea kuziba, na kinachoondoka hakitarajiwi kurudi.

Zamani fundi alishona gauni tatu kwa siku. Sasa moja ikikamilika anashukuru, kwani kulisha, kuogesha na kumgeuza mgonjwa yote yanamsubiri yeye. Wateja wengi wamehama. Binti huja Jumamosi, na baba humtazama kama mgeni aliyepotea nyumba.

Akiulizwa ana mpango gani, fundi anasimamisha cherehani. Anafunua daftari hadi ukurasa wa familia, anaweka kidole chini ya neno moja.

"Uxor," anasoma polepole. "Yaani mke. Nalikariri kila siku. Tangu augue hajaniita hata mara moja. Siku akiniita, sitaki nishindwe kuitika."