Birika la Papa Assumani

Kwa miaka kumi na tisa Assumani alivuka mto kila asubuhi kwa mtumbwi kutoka Lubunga, akaja kupika chai ya kijani kwa birika lake mwenyewe katika duka la vitenge la Mahmoudi, karibu na soko kuu la Kisangani. Alikuwa amefundishwa na mnunuzi mmoja wa almasi kutoka nchi ya Mali: majani hutokota juu ya makaa hadi yawe machungu, sukari hutiwa bila huruma, kisha chai humiminwa kutoka juu, bilauri hadi bilauri, mpaka povu lisimame. Kazi hiyo ilichukua karibu saa nzima. Wateja walikaa wakingoja, na waliokaa walinunua.

Mwaka huu daktari alimkataza Mahmoudi sukari. Binti yake Zaina, aliyekuwa amemaliza masomo ya lishe, akasema chai haina kosa, kosa ni la mpishi. Alimsimamisha Assumani mbele ya wateja, akamfundisha kama mtoto wa darasa la kwanza: maji yachemke, yaepuliwe, yapoe kidogo, majani kijiko kimoja, dakika tatu, yachujwe.

Mara ya kwanza mkono wa Assumani ulitia sukari kwa mazoea. Mahmoudi aliitema chai sakafuni, akamwambia apanguse. Mama mmoja aliyekuwa akichagua vitenge akauliza kama papa huyu ni mpishi au muuaji. Duka zima likacheka. Assumani alipangusa. Alijua kwamba asipojifunza ataondolewa, na hakuna mwingine ambaye angemwajiri. Nyumbani alihesabu dakika kwa simu ya mkewe aitwaye Sikujua, naye mkewe akanywa kila alichopewa.

Baada ya wiki mbili chai ilitoka na rangi ya dhahabu, bila uchungu. Mahmoudi alimaliza bilauri, akaomba nyingine.

“Papa Assumani, hii iko muzuri kabisa. Umetumia muda gani?”

“Dakika tatu, patron.”

“Na makaa?”

“Hayana kazi tena. Maji ya themosi yanatosha.”

Mahmoudi aliitazama themosi, kisha akamtazama binti yake.

“Bon. Kama ni kumimina maji na kungoja dakika tatu, donc Zaina anaweza. Hata mimi naweza. Kesho usijisumbue kuvuka.”

Assumani aliosha bilauri zote, akazipanga. Kisha akauliza kwa sauti ndogo kama angeweza kwenda na birika lake la zamani.

“Liache hapa, papa,” alisema Zaina. “Wateja wanapenda kuliona.”