Gari Liliposimama kwa Kemuma

Kama uliolewa Gesima miaka ya themanini na ukadhani mume alikupenda tu akakuoa, pole. Kabla hajakupenda, Kemuma alikuwa ameshafika kwenu. Alikuja kuomba mbegu ya viazi, au kuuliza njia ya kwenda kwa mtu ambaye alijua vizuri kabisa anakaa wapi. Mama yako akampa kiti na uji. Akakaa, akasifu ng'ombe, akatazama. Alipoaga alikuwa anajua kama kwenu kuna kifafa, kama babu yako alikufa kwa ukoma, na kama kuna mtu mnayemfungia jikoni wageni wakija. Mimi mwenyewe nilitazamwa hivyo. Nilimkorogea uji nikidhani ni bibi mmoja mpole aliyechoka na jua.

Sisi Wakisii mtu wa kazi hiyo tunamwita esigani. Wazee wa mvulana humtuma kimyakimya akaichunguze nyumba ya msichana, na wazee wa msichana nao hutuma wao. Wako maesigani walioharibu watu kwa midomo yao. Kemuma hakuwa hivyo. Akirudi kutoka safari yake, alitamka neno moja tu: "Endeni." Au, "Rudini." Sababu hakuitoa. Ungembembeleza, ungemchinjia jogoo, ungemtukana. Jogoo angemla na matusi angekuachia. Alisema nyumba iliyokataliwa na mmoja inaweza kupendwa na mwingine, mradi hakuna anayejua ilikataliwa kwa nini. Alipita nyuma ya migomba, jua likianza kupoa, ili asionekane ametoka kwa nani. Wanawake aliowafundisha kazi, toka Nyamira hadi Itumbe, wote walishika sheria hiyo.

Mumewe alikufa mapema akamwachia chai kidogo mlimani na watoto wa kulea. Kitindamimba alikuwa Bosibori, msichana mrefu mwenye kicheko kikubwa, sauti ya kwanza katika kwaya yetu ya Wasabato. Alikuwa amepata mchumba, Ogoti, fundi wa mashine kiwanda cha chai upande wa Itumbe. Wazee wa pande mbili walikuwa wamekutana na kukubaliana. Lililobaki ni esigani wa kina Ogoti kuja kwa Kemuma, na wote tuliona hilo ni desturi tu, nani angekataa nyumba ya Kemuma? Tulikuwa tumeshaanza kushona sare.

Hapo ndipo alipokuja daktari. Ilikuwa mwaka wa tisini na tatu. Jina lake Onchiri, kijana wa Kisii huku huku, aliyesomea ng'ambo akarudi na miwani na nia njema. Nasema nia njema bila kejeli, ingawa kejeli ninayo. Alikuwa akifuatilia watoto waliokuwa wakivimba vidole, wakilia usiku kucha kwa maumivu ya mifupa, wakafa kabla ya kuanza shule. Sisi tulisema ni macho ya watu. Yeye alisema ni damu: chembe zake hujikunja zikawa kama mundu, na mtoto huirithi kwa baba na mama. Alituhubiria kanisani baada ya ibada.

"Siku zinakuja," alisema, "mtoto atasomwa damu siku ile anayozaliwa. Itajulikana ataugua nini akifika miaka arobaini. Anayetaka kumwoa atajua, anayetaka kumwandika kazi atajua. Hakuna atakayedanganywa tena."

Tukasema Amina, maana tulikuwa kanisani, na mtu mwenye maikrofoni akinyamaza lazima pasemwe Amina. Lakini mkono wa kudungwa hakuna aliyetoa. Daktari, ambaye hakuwa mjinga, akauliza huku watu wanamwamini nani. Wakamwonyesha Kemuma.

Nilikuwepo kwake daktari alipokuja. Akaketi kwenye kile kigoda kifupi, magoti yakamfika kidevuni.

"Mama, kazi yako na yangu ni moja," akamwambia. "Wewe unatumia miguu, mimi natumia sindano."

Kemuma akacheka. Alipenda kusifiwa, hilo tusimfichie. Kisha akaacha kucheka. "Majibu atapewa nani?"

"Mwenye damu peke yake."

"Na mumewe?"

"Mwenyewe akipenda kumwambia."

"Na pasta?"

"Hata pasta hapati, mama."

Basi Kemuma akafunga leso kiunoni, akazunguka nyumba kwa nyumba. Alituambia siri itakuwa kama ile yake. Na siku ya kupima, wa kwanza kukunja mkono wa nguo alikuwa yeye, wa pili Bosibori. Baada ya hapo foleni ilifika barabarani.

Daktari hakuwa mwongo. Aliporudi na majibu hakusoma jina la mtu kanisani, hakubandika karatasi popote. Alisema atakwenda mwenyewe kwa kila nyumba yenye damu hiyo, aingie, mlango ufungwe, awaeleze polepole. Lakini hakuzijua njia zetu, na dereva wake alikuwa mtu wa mjini. Akamwomba Kemuma awaongoze. Mwanamke aliyepita nyuma ya migomba maisha yake yote akapanda kiti cha mbele cha Land Rover nyeupe, asubuhi kweupe.

Sasa kama hujafika kwetu, jua kwamba ni vilima. Ukichuma chai upande huu, unaona lango la kila mtu upande ule, unaona hata kuku wao. Tulikuwa shambani, vikapu mgongoni. Gari likasimama kwa Ombui. Mlango ukafungwa. Likaondoka, likapita malango kadhaa bila hata kupunguza mwendo, likasimama kwa mjane wa Nyangate. Mlango ukafungwa.

"Limesimama kwa nani?" mmoja akauliza.

"Kwa mjane. Tena yule mtoto wake si alikufa na vidole?"

Hapo mikono ikaacha kuchuma. Hakuna aliyesikia neno hata moja la daktari, na hakuna aliyehitaji kusikia. Nyumba iliyopitwa ikashukuru Mungu. Nyumba gari liliposimama ikawa imesomwa mbele ya mlima mzima.

Mwisho gari likashuka hadi lango la Kemuma mwenyewe. Tukadhani wamemrudisha nyumbani. Naye alidhani hivyo. Alishuka, akasema, "Asante, mwanangu, nimefika." Daktari naye akashuka na mkoba wake.

"Tuingie ndani, mama," akasema. "Tufunge mlango."

Kemuma aliniambia baadaye kwamba alibaki ameshika mlango wa gari, hajui auachilie au apande tena. Akainua macho, akatuona kule juu, tumesimama katikati ya chai, nyuso zote zimemgeukia. Ndipo alipoelewa alichokuwa akifanya tangu asubuhi.

Ndani, daktari alieleza vizuri. Kila mtu ana mafungu mawili ya damu, moja la baba na moja la mama. Kemuma ana moja zuri na moja bovu. Bosibori vivyo hivyo. Wenye moja bovu hawaugui. Si huyu hapa Kemuma, mwenye miaka sitini, anapanda mlima kumshinda daktari? Shida ni mwenye moja bovu akioana na mwenzake. Hapo kati ya watoto wanne, mmoja hubeba mabovu yote mawili.

"Na Ogoti?" Bosibori akauliza.

"Aje nimpime. Watu wengi hawana. Asipokuwa nayo, zaeni mjaze nyumba."

Kwa hiyo ukiangalia kwa haki, habari zilikuwa njema. Lakini nani anaangalia kwa haki? Jumapili sokoni nyumba zile zilishaitwa nyumba za gari. Mtoto wa nyoka ni nyoka, watu walisema, wakisahau kuwa wiki iliyopita walikula kwa nyoka huyo. Mwanamume mmoja, simtaji kwa sababu bado ananiuzia maziwa, alikataa kikombe cha chai kwa Ombui. Ukijaribu kusema kuna kuwa nayo na kuna kuugua, unaulizwa, "Kwani wewe gari lilisimama kwenu pia?"

Esigani wa kina Ogoti alifika. Alikuwa Ruth wa Itumbe, mwanafunzi wa Kemuma mwenyewe. Hakuja kuomba mbegu. Alikaa chini akaanza kulia kabla ya kusalimia. Siku hiyo, kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi, Kemuma alitoa sababu. Alieleza yote, mafungu mawili, bovu na zuri. Akamshika Ruth mikono yote miwili.

"Mwambie Ogoti akapimwe. Hilo tu. Akiwa hana, wataishi vizuri kuliko mimi na wewe."

"Nimesikia, omong'ina, mama mzee," Ruth akasema.

Na alisikia kweli, Ruth hakuwa mtu mbaya. Lakini aliporudi, wazee wakamkalisha wakauliza kama desturi ilivyo: twende au turudi? Angesema waende, kisha azaliwe mtoto wa vidole, nani angebeba lawama? Na neno la tatu hakuwahi kufundishwa. Akasema, "Rudini." Sababu hakuitoa, maana alifunzwa na Kemuma.

Kemuma aliposikia, alitembea hadi Itumbe kwa miguu, mama wa bibi harusi kwenda kubembeleza, jambo ambalo kwetu ni aibu ya kutosha kumzika mtu. Baba yake Ogoti alimpa kiti na soda. Alimsikiliza hadi mwisho.

"Mama," akamwambia kwa heshima, "sisi hatukuambiwa sababu, na hatukuuliza. Si ndivyo mlivyotuzoesha?"

Ogoti hakupimwa kamwe. Alioa mwaka uliofuata, msichana wa Keroka, na nasikia ni mume mzuri. Bosibori alirudisha sare ya harusi kwa fundi ipunguzwe iwe ya kuendea shambani. Kwaya aliiacha. Hakugombana na mtu, afadhali angegombana.

Kwetu msichana akikaa nyumbani kupita umri wake, hana pa kusimama akiwa hai wala pa kuzikwa pa heshima akifa. Wifi humhesabia sukari. Bosibori alikaa, na hakuna aliyetuma mtu. Ndipo alipokuja Makori, kijana wa Ombui, wa lile lango la kwanza. Naye alikuwa na fungu moja bovu, amekataliwa kila alikobisha. Alikuja peke yake, bila esigani, kwa sababu hapakuwa na la kuchunguza. Alikuwa kijana mtulivu, hanywi, na alimpenda. Nami ningempenda.

Kemuma alipiga magoti mbele ya binti yake. Mimi nilikuwa nimekuja kuazima moto, nikawakuta.

"Katika wanaume wote wa nchi hii, huyu ndiye peke yake usiyeweza kuolewa naye."

"Wengine wako wapi, mama?"

Kemuma akamshika miguu.

"Nionyeshe mmoja. Hata mzee. Hata mlevi. Makori nitamwacha leo leo."

Daktari angeweza kusemesha watu, lakini utafiti wake ulikuwa umekwisha na gari lake limekwenda wilaya nyingine. Wakaoana. Kijiji kizima kilicheza harusi hiyo, na kwa furaha ya kweli, kwa sababu tuliona ni vyema nyumba za gari ziozane zenyewe kwa zenyewe. Baadaye mjane wa Nyangate naye akamwoza binti yake kwa nyumba nyingine ya gari. Daktari alikuja ili wenye damu ile wasioane, na kijiji kikahakikisha hawana mwingine wa kuoana naye. Nikilikumbuka hilo nataka kupiga mtu, na sijui nianze na nani.

Mtoto wao wa kwanza alizaliwa mnene, mwenye nywele nyingi. Alinyonya vizuri, akaketi, akacheka. Kisha siku moja Bosibori akamleta kwa bibi yake, mtoto analia hataki kuguswa, vidole vimevimba vyote kama ndizi za kuiva. Kemuma akaushika ule mkono, akautazama.

"Usiseme, mama," Bosibori akamwambia.

Akamfunika mtoto leso. Walimbeba hospitali wakarudi, wakambeba tena, wakarudi. Mwaka ule wa mvua kubwa, malaria ilipopanda vilimani ikaua hata watu wazima wenye afya, mtoto hakuwa na nguvu ya kupigana na magonjwa mawili. Tulimzika chini ya migomba ya Ombui.

Mwaka uliofuata nilikuwa kwa Kemuma tunamenya viazi. Bosibori akaingia, akaketi, na tumbo lake lilikuwa limeshaonekana. Alikula kidogo, akasukuma sahani. Akamtazama mama yake kwa namna ambayo nyumba nyingi zilikuwa zimemtazama.

"Mama, daktari si alisema ni mmoja kati ya wanne?"

"Alisema."

"Basi huyo mmoja si ameshapita?"

Kisu cha Kemuma kikasimama. Mimi nilijua jibu, kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa ameniambia. Alimuuliza daktari swali hilo hilo siku ile alipomsindikiza garini, Bosibori amebaki ndani, na daktari akasema kila mimba huanza upya, damu haikumbuki aliyetangulia. Na katika miaka yote niliyomjua Kemuma, alikuwa amekataa kusema mara nyingi, lakini hakuwahi kuidanganya nyumba.

"Ndiyo, mwanangu," akasema. "Ameshapita."

Bosibori akaivuta sahani akamaliza viazi vyote, akaomba na vingine.