Mshale wa Tairi

Kila mwaka mvua za vuli zilipokaribia, baba alikuwa akiigeuza baiskeli yangu, au kinga kama anavyoiita, miguu juu mbele ya kibanda chake cha ufundi, kwetu Buyenzi, na kuivalisha tairi mpya. Ilikuwa kila mara baada ya alasiri, mawingu yakishuka polepole juu ya milima ya Kongo. Mimi, mwanamke mzima mwenye watoto, nilikaa pale nikitazama gurudumu likizunguka mpaka nikaota nikiwa macho. Sijui raha nyingine iliyo rahisi kama hiyo.

Tairi hizo, pine kwa lugha ya baba, zina mshale ubavuni, unaoonyesha upande wa kuzungukia. Ukiukaidi, mteremko wa Gihosha, ninakofundisha, utakufunza adabu siku ya mvua. Kosa linatokana na mazoea yetu ya kupindua baiskeli: ikiwa miguu juu, mshale ulio juu unapaswa kutazama nyuma, na akili haikubali. Baba aliwacheka mafundi waliokosea. Alishatangaza mtaani kwamba siku akivalisha tairi kinyume, ataacha kazi. Na tangu mama atangulie mbele ya haki, kazi ndiyo pekee iliyokuwa ikimtoa kitandani.

Mwaka jana akasema bismillahi, akalizungusha gurudumu. Mshale wa juu ulipita ukitazama mbele.

Nilipandwa na hasira, wala sijui nilimkasirikia nani. Labda macho yake, labda mvua. Nikawaza kunyamaza, niipeleke kwa fundi mwingine kimyakimya. Gurudumu likaendelea kuzunguka, jepesi, na nikatamani lisisimame kabisa. Liliposimama, nikamwambia kwamba tairi imekaa kinyume.

Hakubisha. Alipapasa mpira kwa kidole gumba, akitafuta mshale asiouona.

"Mi najua toka Ramadhani," akasema. "Watu wanachukua kinga yao, wananishukuru, halafu wanaenda kugeuzisha pine kwa fundi wa pale kona. Nawasikia. Nilikuwa nangoja mutu mumoja tu aniambie."

Nikamshika mkono, naye hakuuondoa. Akauliza kama matone yameanza, nikamjibu bado. Basi akanipa vyuma vya kutolea tairi, akainuka kwenye kigoda chake, akaniambia nikae mimi.